Je, nikiishika ada ya mtoto nimekosa imani?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mjane, nina genge la mboga na nafaka hapa Morogoro. Nilikuwa nimetenga shilingi 600,000: laki nne ni ada ya kijana wangu anayeanza chuo cha ufundi Januari, laki mbili ni mtaji wa kununulia maharage. Kwenye semina ya siku tatu mtumishi alifundisha habari za mjane wa Sarepta. Akasema aliyetoa cha mwisho ndiye aliyepona, na anayeng'ang'ania pesa ya ada hamwamini Mungu. Nilinyoosha mkono nikaahidi laki tano. Sijalipa. Sasa naambiwa nimeweka nadhiri, na nisipoiondoa, yaani nisipoilipa, nitaingiza laana nyumbani. Kijana ananiangalia tu, hasemi kitu. Je, kuishika ada ni kukosa imani? Na nikiitoa bila kujua tutaishije, hiyo ni imani au ni kumjaribu Mungu?"

Marahaba, dada yangu. Najua husomi kwa utulivu mpaka upate jibu, basi nalianza nalo: usiitoe ada ya kijana. Kuishika si kukosa imani, na hakuna laana inayokuja nyumbani kwako kwa sababu umemlipia mtoto wako chuo. Sasa kaa vizuri tuifungue Biblia, maana sitaki uondoke na neno langu dhidi ya neno la mtumishi yule. Nataka uondoke na maandiko yenyewe.

Tuanze na huyo mama wa Sarepta, 1 Wafalme 17, kwa kuwa ndiye uliyepigwa naye. Sarepta ni mji wa pwani, kati ya Tiro na Sidoni, leo ni Sarafand nchini Lebanoni. Kati ya mwaka 1969 na 1974 wachimbuaji wa mambo ya kale wakiongozwa na James Pritchard walifukua pale mtaa wa wafinyanzi, wenye tanuri nyingi za kuchomea vyungu. Kwa hiyo chombo cha unga cha mama huyu kilikuwa kitu cha kawaida kabisa katika mji wake. Biblia yetu ya Union imeandika "pipa", na msomaji wa leo akisikia pipa anaona lile la lita 200. Neno la Kiebrania hapo ni kad, lile lile lililotumika kwa mtungi ambao Rebeka aliubeba begani kwenda kisimani. Ni mtungi. Na ndani yake, anasema mwenyewe, mna "konzi ya unga". Kunja mkono wako sasa hivi uone konzi ni kiasi gani. Ndicho kilichokuwa kimebaki kati yake, mwanawe na kifo. Alikuwa anaokota kuni mbili, apike, "tuule tukafe".

Nabii Eliya anafika wakati huo wa ukame akiwa na njaa na kiu, anamwomba maji, kisha mkate. Mama anapomweleza hali, Eliya anasema amfanyie yeye kwanza mkate mdogo. Hapa ndipo mahubiri mengi yanaposimama na kikapu cha sadaka kuanza kuzunguka. Lakini maandiko yanaendelea, na nakuomba uyatazame mambo ambayo mtumishi yule hakuwaonyesha.

La kwanza, kabla Eliya hajaondoka kijito cha Kerithi, Mungu alikuwa ameshasema kwamba amemwagiza mjane wa huko amlishe. Na Eliya alipomwambia mama "kwanza", palepale alimpa neno la BWANA lenye mipaka inayoshikika: mtungi hautapunguka, chupa ya mafuta haitaisha, mpaka siku mvua itakaponyesha. Mama hakurusha konzi yake gizani. Aliwekewa ahadi ya Mungu mkononi, inayohusu unga ule ule na mafuta yale yale, naye akaitii. Imani katika Biblia ina mahali pa kukanyaga, yaani jambo ambalo Mungu amelisema. Makuhani wa Yoshua waliingiza nyayo Yordani ukiwa umefurika hadi kingo zote kwa sababu waliambiwa waingie. Mtu mwingine angejitosa mto ule wiki moja kabla, kwa ujasiri ule ule, angesombwa na maji.

Sasa jiulize mwenyewe: ni nani aliyekuambia kwamba Mungu amesema laki tano zako ziende pale? Mungu, au mtu aliyesoma habari ya mama mwingine akakuweka wewe mahali pake?

La pili, Eliya alihamia nyumbani mle. Maandiko yanasema walikula yeye, na mama, na nyumba yake, siku nyingi. Alikuwa na chumba cha juu. Unga ungekwisha, nabii angelala na njaa pamoja nao. Aliyesema "toa kwanza" alifungwa na mtungi ule ule. Naomba ulipime hili taratibu, maana kwangu ndicho kipimo kikubwa: yule anayekuita utoe cha mwisho, je, atakula kwenye chungu chako kesho yake? Au ataondoka na gari Jumapili jioni, na wewe ubaki na mtungi?

La tatu ndilo ninalolipenda kuliko yote. Soma aya ya 16 polepole. Haisemi mtungi ulijaa. Inasema haukupunguka. Mimi naisoma hivi: kila asubuhi mama alipofunua aliona konzi ile ile. Jana konzi, leo konzi, kesho konzi. Hakupata gunia. Hakujenga. Hakurudishiwa mara mia. Alipata chakula cha siku, siku baada ya siku, mpaka mvua. Hivyo ndivyo Mungu alivyowalisha Israeli jangwani pia, Kutoka 16: pishi moja ya mana, ule mkate wa kutoka mbinguni, kwa kila kichwa, na walioisaza hadi asubuhi, ikaingia mabuu ikanuka. Wafasiri wetu walichagua neno pishi, kipimo cha wauza nafaka wa pwani, vibaba vinne. Wewe mwenye genge unaelewa ladha ya neno hilo kuliko mimi. Na Bwana Yesu alipotufundisha kuomba akatupa sentensi ambayo kwa Kiswahili ni nzuri kupita kiasi: "Utupe leo riziki yetu." Leo. Riziki. Anayekuahidi kwamba laki tano itarudi milioni tano kufikia Pasaka anakuahidi jambo ambalo mama wa Sarepta hakuahidiwa.

Tena sura haijaisha. Baadaye mtoto wa mama huyu aliugua, akafa, katika nyumba ile ile yenye mtungi wa muujiza. Mungu alimfufua kwa maombi ya Eliya, ndiyo, lakini kwanza mama alimshika mwanawe akiwa hana pumzi. Basi usikubali mtu akufundishe kwamba ukitoa, msiba hautapiga hodi. Na ukipigiwa hodi, usijilaumu kwamba hukutoa ya kutosha. Wewe umeshamzika mume. Nasema hili kwa heshima ya msiba wako.

Uliuliza kama kutoa bila kujua mtaishije ni kumjaribu Mungu. Swali hilo lilijibiwa juu ya kinara cha hekalu. Ibilisi alimwambia Yesu ajitupe chini, na akanukuu Zaburi ya 91: malaika watakuchukua mikononi. Andiko lilikuwa la kweli. Ahadi ilikuwa ya kweli. Uongo ulikuwa kwenye neno "jitupe", maana Baba hakuwa amelisema. Yesu akajibu kwa Kumbukumbu la Torati 6:16, aya inayokumbusha Masa, pale Israeli walipokosa maji wakadai Mungu athibitishe kama yu kati yao au sivyo. Kumjaribu Mungu ni kujiweka kwenye shimo kwa makusudi ili umlazimishe aje akutoe, na asipokuja kwa njia uliyoipanga, unaanza kumshitaki. Mtu akikuambia "toa ada, tuone kama Mungu hatalipa", amekupandisha kwenye kinara hicho, hata kama amekupandisha kwa nyimbo na machozi.

Utaniambia: mbona Yesu alimsifu mjane wa senti mbili, aliyetia yote aliyokuwa nayo? Alimsifu, na hakuna wa kumwondolea sifa hiyo. Zile sarafu ziliitwa lepta. Lepta mbili zilikuwa sehemu ndogo sana ya dinari moja, na dinari ndiyo iliyokuwa posho ya kibarua kwa siku. Lakini ifungue Marko 12 uone kilichotangulia. Aya ya 40, pumzi moja kabla ya mjane kutokea, Yesu anawaonya watu juu ya waandishi, yaani walimu wa sheria, "ambao hula nyumba za wajane". Halafu anaingia mjane, anatoa cha mwisho. Na sura ya 13 inapoanza, mmoja wa wanafunzi analisifia jengo la hekalu, naye Yesu anasema halitasalia jiwe juu ya jiwe. Nimefundisha Marko miaka mingi, na kila nikifika pale koo linanikaba. Moyo wa mama yule Yesu aliupenda. Waliomfikisha hapo hakuwapenda. Na hakumwambia mjane yeyote aliyesimama pale, "Nenda ukafanye vivyo hivyo."

Sasa nadhiri, kwa kuwa ndiyo inayokunyima usingizi. Bila shaka wamekusomea Mhubiri 5, kwamba afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Andiko hilo ni la kweli na mimi siwezi kulifuta. Nadhiri si mchezo. Lakini Mungu aliyetoa sheria ya nadhiri alitoa pia Walawi 27:8: mtu aliyeweka nadhiri akiwa maskini kuliko kiasi kilichopangwa, asimamishwe mbele ya kuhani, na kuhani amhesabie upya kwa kadiri ya uwezo wake. Umesikia hilo? Ndani ya Torati yenyewe kulikuwa na mlango wa maskini aliyeahidi kupita uwezo. Hakutishwa. Alipunguziwa, na aliyepaswa kumpunguzia ni kuhani.

Tena kuna zaidi, Marko 7. Siku za Yesu kulikuwa na desturi ya mtu kusema juu ya mali yake, "Ni Korbani", yaani wakfu kwa Mungu, na baada ya hapo hawezi kuwasaidia wazazi wake kwa mali ile. Ilionekana ni utauwa mkubwa. Yesu akawaambia wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Pesa iliyokuwa na mwenyewe, baba na mama waliokuwa wakiitegemea, haikugeuka kuwa ya Mungu kwa kutajwa jina la Mungu juu yake. Ada ya kijana wako ina mwenyewe. Hukuwa na ruhusa ya kuiahidi, kama ambavyo mtu hana ruhusa ya kutoa sadaka mbuzi wa jirani. Ukitaka andiko la moja kwa moja juu ya wajibu wako, Paulo ameliandika kwa ukali unaotisha, 1 Timotheo 5:8: asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Mtumishi alisema kushika ada ni kukosa imani. Mtume anasema kuwaacha wa nyumbani mwako ndiko kuikana imani.

Na juu ya utoaji katika kanisa, Paulo aliwaandikia Wakorintho alipokuwa akichanga kwa ajili ya watakatifu maskini wa Yerusalemu. 2 Wakorintho 8:12: nia ikiwapo, mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Aya inayofuata anasema wazi hataki wengine wapate raha na wao wapate dhiki. Kisha, kumalizia hoja yake, anainukuu ile ile habari ya mana: aliyekusanya vingi hakuzidiwa, aliyekusanya vichache hakupungukiwa. Angalia pia fedha ile ilikuwa inaelekea wapi. Ilikuwa inashuka kwa wenye njaa.

Nikuambie kwa nini jambo hili linanichoma. Nilikuwa kijana wa miaka 31, tumeoana, tuna mtoto mmoja. Kwenye changizo la jengo niliahidi mshahara wangu wa miezi mitatu. Hakuna aliyenilazimisha, nilisikia watu wakishangilia na nikaiita sauti ile Roho. Ilipofika siku ya kulipa nikakopa, na deni lilipokomaa mke wangu akauza cherehani yake bila kuniambia neno. Alama nne za miguu ya meza ya cherehani zilibaki kwenye sakafu ya sementi pale dirishani. Nilizikanyaga kila asubuhi kwa miaka miwili nikienda kufundisha watu imani. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba cherehani ile ilikuwa ndiyo riziki ambayo Mungu alikuwa ameshatupa. Niliitoa nyumbani nikaanza kumwomba Mungu riziki.

Ukimya wa kijana wako unaniambia anahesabu kimoyomoyo.

Je, basi imani yako iko wapi? Nakuomba umwangalie mjane mwingine, wa 2 Wafalme 4, kwa maana huyo anafanana nawe zaidi. Mume wake, mcha Mungu, amekufa, ameacha deni, na mdai anakuja kuchukua watoto wawili wawe watumwa. Elisha hakumwomba chochote. Alimwuliza una nini nyumbani. Chupa ya mafuta. Akamwambia akaazime vyombo vitupu kwa jirani wote, "wala usitake vichache", ajifungie ndani na wanawe, amimine. Fikiria aibu ya kupita mlango hadi mlango kuazima vyombo vitupu, na majirani wanajua huna cha kutia. Huko ndiko kutenda kwa imani: anatembea, anaomba, watoto wanasogeza vyombo, mama anamimina, na mafuta yanakoma chombo kinapokosekana. Alipomrudia nabii, Elisha alimwambia auze mafuta, alipe deni, na yanayosalia atumie yeye na watoto wake. Hakudai hata chupa moja. Muujiza uliishia kwenye biashara, kwenye deni lililolipwa, na watoto waliobaki nyumbani.

Kwa hiyo unapoamka saa kumi kwenda sokoni kununua maharage kwa ile laki mbili, ukapima, ukauza, ukaweka kando, unatenda kwa imani. Ndege wa Mathayo 6 hawana ghala, lakini hawakai kiotani wakisubiri, wanaruka kutafuta. Yesu pale anakataza kusumbuka, ule wasiwasi unaomkata mtu vipande. Kupanga hakukataza, kwani ndiye aliyesema mwenye kujenga mnara aketi kwanza ahesabu gharama. Wewe ulikwisha kuketi ukahesabu. Laki nne, laki mbili. Hesabu yako ilikuwa ibada.

Na sadaka uendelee kutoa, tena kwa furaha. Sikuandikii ili ufunge mkono. Paulo anaagiza mtu aweke akiba kwa kadiri ya kufanikiwa kwake, na atoe alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala kwa lazima. Genge likikupa faida ya elfu kumi, tenga yako humo. Jirani akikosa unga, mpimie kibaba. Hiyo ndiyo konzi yako.

Jambo moja bado, nalo ni la kanisa lako zaidi ya lako. Riziki ya mjane katika Biblia mara nyingi sana haikushuka kutoka mbinguni. Ilipita mikononi mwa watu waliotii. Walawi 19 iliwaagiza wenye mashamba wasivune pembe za shamba wala kuokota masazo, wawaachie maskini na wageni. Ruthu alipookota nyuma ya wavunaji, Boazi aliwaambia vijana wake wachomoe masuke kwenye miganda wamwachie makusudi, na jioni alibeba kama efa moja ya shayiri, kipimo cha nafaka cha siku zile, kumpelekea mkwewe. Katika Kumbukumbu la Torati 14, zaka ya kila mwaka wa tatu iliwekwa malangoni ili ale Mlawi, mgeni, yatima na mjane, washibe. Katika Matendo 6, ugomvi wa kwanza tunaousikia juu ya mgawo wa chakula ulikuwa kwamba wajane fulani wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, na mitume wakaweka watu saba kurekebisha. Kwa hiyo, kwa mujibu wa maandiko, wewe ni mtu ambaye kanisa linapaswa kumwuliza, "Mama, ada ya kijana imefikia wapi?"

Fanya hivi. Kalipie ada kwanza, wiki hii, na stakabadhi uiweke ndani ya Biblia yako kwenye Walawi 27. Kisha usimpigie mtumishi wa semina; nenda kwa mchungaji anayekujua, aliyemzika mumeo kama yupo, na umchukue mama mmoja mwenye busara mwende wawili. Mwambie: "Niliahidi kupita uwezo wangu, na niliahidi kisichokuwa changu. Naomba nisimame kama Torati ilivyosema, nihesabiwe upya." Kama dhamiri yako inataka utoe kitu kwa sababu ulitamka, tajeni pamoja kiasi ambacho genge linaweza kubeba, hata kama ni elfu mbili kwa mwezi, utoe, na jambo liishe. Mchungaji akikutisha kwa laana, mwombe akusomee Wagalatia 3:13 kwa sauti, umsikilize.

Na leo jioni kaa na kijana wako. Mwambie ada ipo. Halafu niandikie uniambie amechagua fani gani, umeme au useremala, maana nimeanza kumwombea na ningependa nijue.